Kuchanganya na Kuhamisha Vimiminika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Katika ukurasa huu, "dawa" ni kimiminika chochote tunachokifuatilia, na maji ndiyo ya kuzimulia. Badala ya dawa unaweza kuweka rangi, asidi au sharubati; hesabu haibadiliki. "Ukolezi" ni sehemu ya mchanganyiko ambayo ni dawa, iwe kwa asilimia au kwa sehemu ya kawaida. Maswali yana namba ili tuweze kurejeana bila kurudia.

## Misingi

1. Asilimia nazijua vizuri. Mbona hesabu hizi bado zinanishinda?

Mara nyingi ni kwa sababu unajumlisha kitu kisichojumlishika. Kila chombo kina namba tatu: ujazo wote, kiasi cha dawa ndani yake, na ukolezi. Zinafungamana hivi:

dawa = ukolezi × ujazo

Vyombo viwili vikimiminwa pamoja, lita za dawa zinajumlishwa na lita za mchanganyiko zinajumlishwa. Ukolezi haujumlishwi, unatafutwa upya kwa kugawanya.

Chukua lita 6 za ukolezi wa 20% na lita 4 za 45%. Dawa ya kwanza ni 0.20 × 6 = 1.2, ya pili ni 0.45 × 4 = 1.8. Jumla ni lita 3 za dawa ndani ya lita 10, yaani 30%. Mfano huu utauona tena huko mbele, kwa hiyo uweke akilini.

2. Kwa nini nisijumlishe asilimia mbili nikagawa kwa 2?

Katika mfano wa swali la 1 ungepata 32.5%, na umekosea. Wastani wa namna hiyo ni sahihi pale tu ujazo unapolingana. Usipolingana, chombo kikubwa kinavuta jibu upande wake. Hapa kuna lita 6 za 20% dhidi ya lita 4 za 45%, ndiyo maana jibu limeegemea 20.

Hiki pia ni kipimo cha haraka cha kukagua kazi yako: jibu lazima liwe katikati ya ukolezi wa mwanzo, karibu zaidi na ule wenye ujazo mkubwa. Likitoka nje ya hapo, usiendelee. Rudi utafute kosa.

3. Swali lina hatua nyingi. Nianzie wapi?

Chora jedwali. Kila safu mlalo iwe tukio moja, si chombo kimoja, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kwa kila chombo weka nguzo tatu: ujazo, dawa, ukolezi. Ukichota, punguza ujazo na dawa, lakini ukolezi wa chombo kilichochotwa unabaki ulivyo, kwa sababu kilichotoka na kilichobaki ni kitu kilekile. Ukimimina ndani, ongeza ujazo na dawa, kisha ukolezi upigwe upya.

Sentensi kama "akachota lita 2 akazimimina kwenye chombo cha pili, akakoroga, akarudisha lita 2" ina matukio manne, si mawili: kutoka A, kuingia B, kutoka B, kuingia A. Andika yote manne hata kama yanaonekana rahisi.

4. Nifuatilie dawa au maji?

Fuatilia kile ambacho hakikuguswa. Uchaguzi huu peke yake hupunguza kazi kwa nusu.

Ukiongeza maji, dawa haibadiliki. Una lita 12 za 25% na unataka 15%. Dawa ni lita 3. Ikiwa lita 3 ni 15% ya jumla, jumla ni 3 ÷ 0.15 = 20. Ongeza lita 8 za maji.

Ukiongeza dawa tupu, maji hayabadiliki. Una lita zilezile 12 za 25% na unataka 40%. Maji ni lita 9, nayo sasa yatakuwa 60%. Jumla ni 9 ÷ 0.60 = 15. Ongeza lita 3 za dawa. Kosa la kawaida hapa ni kusema "40% ya 12 ni 4.8, nina 3, kwa hiyo naongeza 1.8." Jibu hilo linasahau kwamba dawa unayoongeza inakuza jumla pia.

Maji yakivukizwa, kinachobaki palepale ni kilichoyeyuka. Kilo 100 za maji ya chumvi yenye 1% ya chumvi zikivukizwa hadi 2%, zinabaki kilo ngapi? Chumvi ni kilo 1, na kilo 1 ni 2% ya kilo 50. Nusu nzima ya uzito imeondoka! Watu wengi hukisia 99, na hata baada ya kuona hesabu huirudia mara mbili kabla ya kuiamini.

## Kuchanganya vyombo viwili au zaidi

5. Njia ya msalaba inafanyaje kazi?

Hutumika pale unapojua ukolezi unaoutaka na huna uhakika wa kiasi. Unataka 30% kutoka kwenye 20% na 45%. Toa kwa mshazari:

- 45 − 30 = 15: sehemu za ile ya 20%
- 30 − 20 = 10: sehemu za ile ya 45%

Uwiano ni 15 : 10, yaani 3 : 2. Kwa lita 10, chukua lita 6 za 20% na lita 4 za 45%, ambazo ndizo za swali la 1.

Kosa linalojirudia ni kugeuza: mtu anaweka tofauti ya upande wa 20 kwenye 20 hiyohiyo. Jikague hivi: lengo liko karibu zaidi na 20, kwa hiyo ile ya 20% ndiyo inayopaswa kuwa nyingi.

Ukitumia vimiminika vitatu, njia hii haina jibu moja. Kuna michanganyiko isiyo na idadi ya 10%, 20% na 50% inayotoa 30%. Lazima swali likupe sharti jingine, mfano kwamba mbili za kwanza zilingane. Hapo ziunganishe kwanza kuwa 15%, kisha piga msalaba kati ya 15 na 50: sehemu 20 kwa 15, yaani 4 : 3. Uwiano kamili ni 2 : 2 : 3.

6. Nimepewa uwiano badala ya asilimia. Naweza kujumlisha uwiano?

Hapana, isipokuwa kwa bahati. Vyombo viwili vinavyolingana: cha kwanza kina dawa na maji kwa 2 : 1, cha pili kwa 3 : 2. Wengi hujibu 5 : 3. Tatizo ni kwamba "sehemu moja" ya chombo cha kwanza ni theluthi ya chombo, na "sehemu moja" ya cha pili ni moja ya tano. Hizo hazijumlishiki kama zilivyo.

Tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo zaidi inayogawanyika kwa zote mbili) ya 3 na 5, ambayo ni 15, kisha fikiria kila chombo kina lita 15. Cha kwanza: 10 na 5. Cha pili: 9 na 6. Jumla ni 19 : 11.

Jibu la 5 : 3 lingekuwa sahihi kama cha kwanza kingekuwa na lita 3 na cha pili lita 5. Tofauti yenyewe ni ndogo (62.5% dhidi ya 63.3%), ndiyo maana kosa hili hupita bila kugunduliwa.

## Kuhamisha huku na huku

7. Nimechota dawa nikaitia kwenye maji, nikakoroga, nikarudisha kiasi kilekile. Je, maji yaliyoingia kwenye dawa ni mengi kuliko dawa iliyobaki kwenye maji?

Ni sawasawa kabisa. Hebu tuone kwa namba. A ina lita 10 za dawa, B ina lita 10 za maji, unahamisha lita 2.

- Baada ya kuchota: A ina lita 8 za dawa.
- B ina lita 12, ndani yake dawa lita 2. Ukolezi ni 1/6.
- Lita 2 zinazorudi zina dawa 1/3 na maji 5/3.
- Mwisho: A ina dawa 8⅓ na maji 1⅔. B ina maji 8⅓ na dawa 1⅔.

Sababu yake haihitaji hata hesabu. A imerudi kwenye lita 10. Nafasi yoyote iliyoachwa na dawa imejazwa na maji, na dawa hiyo iliyoondoka haina pengine pa kuwa isipokuwa B. Kwa hiyo kanuni inasimama hata kama hukukoroga vizuri, hata ukirudia mara hamsini, na hata kama vyombo havilingani kwa ukubwa. Sharti ni moja tu: kila chombo kimalize na ujazo wake wa mwanzo. Ukirudisha lita 1.5 badala ya 2, usawa umevunjika.

Angalia kwamba tunazungumzia kiasi. Kama vyombo havilingani, kiasi kitalingana lakini ukolezi hautalingana.

8. Nimefuata hatua zote lakini jibu langu la kurudisha si sahihi. Nimekosea wapi?

Karibu kila mara ni moja kati ya haya mawili. La kwanza ni kutumia ukolezi wa zamani wa B, kana kwamba unarudisha maji matupu. La pili ni kugawanya kwa lita 10 wakati B kwa dakika ile ina lita 12. Katika mfano wa swali la 7, 2/10 ingekupa 20% badala ya 16.7%. Jedwali la swali la 3 huzuia makosa yote mawili, maana safu ya "imeingia B" inakulazimisha kuandika 12.

9. Nikiendelea kuhamisha na kurudisha, ukolezi wa A na B utalingana lini?

Hautalingana kamwe, alimradi kila mara unaacha kitu ndani ya chombo unachochota. B ikipokea kutoka A, inakuwa katikati ya B ya zamani na A, bado chini ya A. A ikipokea kutoka B hiyo, inashuka lakini inabaki juu yake. Pengo linapungua bila kuisha.

Linapungua kwa kasi gani? Kwa vyombo viwili vya ujazo V na kiasi x kinachohamishwa, kila safari ya kwenda na kurudi huzidisha pengo kwa (V − x) ÷ (V + x). Kwa lita 10 na 2 ni 8/12, yaani 2/3. Safari ya kwanza: kutoka 100% hadi 66.7%, na ndicho tulichopata (5/6 dhidi ya 1/6). Baada ya safari 10 limebaki takriban 1.7%. Kimatumizi vimelingana, ila swali likikutaka useme "sawa kabisa", jibu ni hapana.

10. Je, kuna kiasi kinachosawazisha vyombo viwili kwa mara moja?

Kipo, ukichota kutoka vyombo vyote viwili kwanza ndipo ubadilishane. Kiasi hicho ni:

x = (V₁ × V₂) ÷ (V₁ + V₂)

Kwa lita 6 na lita 4: 24 ÷ 10 = lita 2.4. Asilimia hazimo kwenye kanuni! Jaribu na 20% na 45%. Chombo cha lita 6: 3.6 × 0.20 + 2.4 × 0.45 = 0.72 + 1.08 = 1.80, yaani 30%. Chombo cha lita 4: 1.6 × 0.45 + 2.4 × 0.20 = 1.20, nayo ni 30%.

Ukifikiri kidogo utaona kwa nini. Vikilingana, kila chombo kina mchanganyiko uleule ambao ungepata kwa kumimina vyote pamoja, kwa hiyo uwiano wa 6 : 4 lazima uwe ndani ya kila kimoja. Humo mna lita 6 zenye 3.6 na 2.4.

## Kuchota na kujazia

11. Nachota lita 4 kwenye pipa la lita 20 la dawa na kujazia maji. Nikifanya hivyo mara 3, dawa imebaki kiasi gani?

Si 20 − 12 = 8. Mara ya pili hukuchota dawa tupu. Kila mara unaondoa moja ya tano ya dawa iliyopo wakati huo, hivyo 4/5 inabaki:

20 × 0.8 × 0.8 × 0.8 = lita 10.24

Kwa jumla: dawa inayobaki = V × (1 − x/V)ⁿ, ambapo V ni ujazo wa pipa, x ni kiasi kinachochotwa kila mara, na n ni idadi ya mara.

Swali la kinyume linakuja sana: pipa la lita 40, baada ya kuchota na kujazia mara mbili imebaki 81% ya dawa, kila mara zilichotwa lita ngapi? Kipeuo cha pili cha 0.81 ni 0.9, kwa hiyo kila mara iliondoka moja ya kumi: lita 4. Ukiulizwa "mara ngapi hadi ishuke chini ya nusu", zidisha tu hadi ufike: 0.8³ ni 0.512, 0.8⁴ ni 0.4096. Mara 4.

12. Kanuni hiyo haifanyi kazi lini?

Kiasi kikibadilika kila mara, achana na kipeo na uzidishe sehemu moja moja: lita 4 kisha lita 5 kwenye pipa la 20 ni 0.8 × 0.75.

Ukimimina maji kwanza ndipo uchote, sehemu inayobaki ni V/(V + x): 20/24, si 16/20. Soma mpangilio wa maneno kwa makini. Maswali ya mitihani hupenda kuficha mtego hapo.

Ukijazia kitu ambacho si maji matupu, kinachopungua ni umbali kutoka kwenye kile unachojazia. Pipa la 50% linajaziwa kimiminika cha 10%, sehemu inayobaki kila mara ikiwa 0.8, mara 3: umbali wa mwanzo ni 40, unakuwa 40 × 0.512 = 20.48, na ukolezi ni 30.48%.

13. Nina lita 6 za maji ya kusuuzia. Nisuuze mara moja au nigawanye?

Gawanya. Tuseme chombo kikimwagwa hubakiza nusu lita. Ukitia lita 6 mara moja, inabaki 0.5/6.5, yaani 1/13 ya uchafu. Ukitia lita 2 mara tatu, kila mara inabaki 0.5/2.5 = 1/5, na mwisho 1/125. Maji ni yaleyale.

14. Na kama maji yanaingia na kutoka mfululizo kwenye tangi?

Hapo ni sawa na kuchota vijiko vidogo visivyo na mwisho. Tangi la lita 20 likipitisha lita 20 za maji huku likikorogwa, linabaki na karibu 36.8% ya dawa, yaani 1/e, ambapo e ni takriban 2.718. Linganisha na kuchota kisha kujazia: lita 4 mara 5 hubakiza 32.8%, lita 1 mara 20 hubakiza 35.8%. Unaona zinavyoisogelea. Baada ya ujazo t wa maji kupita, sehemu inayobaki ni e kwa kipeo cha −t/V.

## Vyombo visivyo na alama

15. Napataje lita 4 kwa vyombo vya lita 5 na lita 3?

Jaza 5. Mimina kwenye 3, zinabaki 2. Mwaga ile ya 3. Hamishia humo lita 2. Jaza 5 tena. Jazia ile ya 3, ambayo ina nafasi ya lita 1. Kwenye ya 5 zimebaki 4. Hatua sita. Ukianza kwa kujaza ya 3 utafika pia, ila kwa hatua nane.

16. Nitajuaje kama kiasi fulani kinawezekana?

Tafuta KKS (kigawo kikubwa cha shirika, yaani namba kubwa zaidi inayogawanya zote mbili) ya vyombo viwili. Kiasi lazima kigawanyike kwa hiyo KKS, na kisizidi chombo kikubwa kama unakitaka ndani ya chombo kimoja. Vyombo vya 6 na 9 vina KKS ya 3, kwa hiyo lita 4 hazipatikani hata ukimimina mpaka kesho. Vya 5 na 3 vina KKS ya 1, hivyo kila lita nzima hadi 5 inawezekana. Idadi ya kujaza unaipata kwenye mlinganyo: 2 × 5 − 2 × 3 = 4, yaani chombo cha 5 kinajazwa mara mbili na cha 3 kinapokea mara mbili kamili.

17. Na kama hakuna bomba wala pa kumwaga?

Mfano maarufu ni kugawa lita 8 nusu kwa nusu kwa vyombo vya 8, 5 na 3. Fuata hali hizi (8, 5, 3): 8-0-0, 3-5-0, 3-2-3, 6-2-0, 6-0-2, 1-5-2, 1-4-3, 4-4-0. Miminio saba. Kosa la kawaida ni kurudi kwenye hali uliyokwisha kuipitia bila kujua, ziandike zote.

## Pale mambo yanapokuwa magumu kidogo

18. Nimepata jibu hasi. Maana yake nini?

Kama hukukosea kujumlisha, umeombwa kisichowezekana. Huwezi kupata 50% kutoka kwenye 20% na 45%, kwa sababu iliyo kwenye swali la 2. Alama ya kutoa inakuambia "ondoa", na huwezi kuondoa kilichokwisha changanyika.

19. "Zimua 1 : 4" ni robo au ni moja ya tano?

Sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 4 za maji ni 1/5, yaani 20%. Lakini wapo wanaoandika 1 : 4 wakimaanisha sehemu 1 katika 4 za jumla, ambayo ni 25%. Soma maneno, usitegemee alama. "Kwa" na "katika" hazilingani.

20. Je, lita 1 na lita 1 ni lita 2 kila wakati?

Kwenye karatasi, ndiyo. Kwenye maabara, mililita 50 za ethanoli na mililita 50 za maji hutoa takriban mililita 96 hadi 97, kwa sababu molekuli zinakaa pamoja kwa kubanana zaidi kuliko zinapokuwa peke yake. Uzito ndio usiopotea. Ukihitaji usahihi wa kweli, hesabu kwa kilo au gramu, au weka dawa kwanza na ujazie maji hadi kwenye alama ya chombo badala ya kupima maji pembeni.

Kwa sababu hiyohiyo, angalia asilimia uliyopewa ni ya uzito kwa uzito, uzito kwa ujazo au ujazo kwa ujazo. Usichanganye aina mbili ndani ya jedwali moja.

21. Njia hizi zinafaa kwa joto la maji?

Zinafaa, alimradi ni maji kwa maji na hakuna joto kubwa linalopotelea kwenye chombo au hewani. Lita 3 za nyuzi 80 na lita 2 za nyuzi 20: (240 + 40) ÷ 5 = nyuzi 56. Hapo hata njia ya msalaba ya swali la 5 inakubali.

22. Nitumie desimali au sehemu?

Sehemu, mpaka mstari wa mwisho. Ukiandika 1/6 kama 0.17 kwenye safari ya kwanza ya swali la 9, kosa hilo litaingia kwenye kila safari inayofuata. Badili kuwa desimali ukishamaliza, kisha jumlisha dawa ya vyombo vyote. Kama hukumwaga kitu, lazima irudi palepale ilipoanzia.